Shajara ya Msasani: Uyoga Mkavu Katika Wiki ya Mvua

Jumatatu

Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha ilikuwa bado inaendelea. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 3,000, umefunikwa na ukungu mpaka miguuni. Nguo nilizofua wiki iliyopita bado ziko kambani, chini ya upenu wa nyumba.

Mama watoto aliniomba nitoe chupa ya uyoga mkavu kabatini, tuone kama utatosha. Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Mafinga. Huko msimu wa mvua ni msimu wa uyoga, na watu wa huko wanaujua uyoga wao tangu utotoni. Mgeni wa hadhi hiyo hatupendi kumpokea kwa kabichi.

Nilipofungua mfuniko nilipokewa na harufu ya kuoza. Juu ya uyoga palikuwa na utando mweupe, na chini yake wa kijani. Mpira wa mfuniko haukuwepo. Tuliutafuta tukaupata uani, umevishwa gurudumu la mbele la gari la waya la mwanangu wa mwisho. Gurudumu la nyuma lilivishwa mpira wa chupa ya chumvi.

Uyoga mkavu hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Aprili ina unyevu wa kutosha kuyeyusha chumvi mezani. Chupa isiyobana haiwezi kuuzuia. Uyoga ukishaota ukungu hauokolewi kwa kuuanika tena, kwa kuwa ukungu unaweza kuacha sumu isiyoondolewa na jua wala chungu. Niliuzika wote chini ya mgomba. Ulikuwa akiba ya msimu mzima.

Jumanne

Nilikwenda sokoni Tukuyu mjini. Bodaboda wote walikuwa wamejibanza kwenye kibanda kimoja, wakisubiri mvua ipungue. Nikasubiri nao. Haikupungua, kwa hiyo nilitembea.

Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye kiroba kilichochanganya vipande vyeusi, vya kahawia na vyeupe. Nilimuuliza ni uyoga gani. "Ni uyoga tu, mzee," akasema. Nikamuuliza umetoka pori gani. Akasema ameuchukua kwa mwenzake Uyole. Chini ya kiroba palikuwa na unga mwembamba, ambao ni dalili kwamba wadudu wameshaanza kula kabla ya mnunuzi. Nilimshukuru nikaendelea.

Muuzaji wa pili alikuwa mama wa makamo mwenye mzigo kutoka upande wa Chunya. Tulisalimiana, "Ugonile," naye akaitika vizuri. Alikuwa amegawa uyoga wake katika mafungu. Fungu moja lilikuwa la ule wa njano mdogo, ambao kofia yake huteremka na kuungana na shina. Fungu jingine lilikuwa la ule mnene wa kichuguu, uliokatwa vipande virefu. Kila fungu lilikuwa na uyoga wa aina moja tu. Huyu ndiye nilikuwa namtafuta.

Mbele yangu palikuwa na foleni, kwa hiyo nilipata muda wa kumsikiliza. Alisema wa njano hauoteshwi na mtu. Ni kweli. Nyuzi za uyoga ule huzunguka mizizi ya miyombo na miti ya jamii yake, zikaipelekea maji na madini, na mti nao hurudisha sukari. Ule wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, juu ya majani na vijiti walivyovitafuna. Hakuna mkulima aliyefaulu kuotesha huu wala ule kwenye banda. Anayekata miyombo kwa mkaa au kwa kukaushia tumbaku anaondoa mti na uyoga kwa shoka lilelile.

"Zamani tulichuma nyuma ya nyumba," mama alisema. "Sasa tunatoka usiku." Alisema hivyo huku anafunga mzigo wa mteja kwa gazeti. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wauzaji wengi wa vitu vikavu wamerudi kwenye karatasi. Ni sheria nzuri kwa mito yetu. Kwa kitu kikavu siku ya mvua, karatasi inafika nyumbani ikiwa uji.

Zamu yangu ilipokaribia, mama lishe aliyekuwa mbele yangu aliuliza kisado kizima ni bei gani. Akalipa, akamiminiwa vyote, mpaka chembe za mwisho. Mama wa Chunya alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, baba. Mpaka wiki ijayo." Nilirudi Msasani na nyanya.

Jumatano

Mama watoto alimpigia kaka yake wa Mafinga. Simu ilikatika mara kadhaa kwa sababu ya radi, lakini ujumbe ulifika. Shemeji alisema ana uyoga wa kutosha, umekaushwa Machi kati ya mvua na mvua, na atautuma leo hii kwa basi. Aliuliza aandike nini juu ya boksi. Mama watoto akasema, "Andika jina la shemeji yako, namba ya simu, na Msasani, Tukuyu." Baada ya Msasani simu ilikatika tena.

Mchana jirani yetu wa upande wa juu alikuja na mfuko wa karatasi. Alikuwa amesikia habari zetu kutoka kwa watoto. Mwanawe ni dereva wa lori, na huko njiani aliwahi kununua uyoga mkavu mchanganyiko. "Nimekuletea, baba, msipate aibu na mkwe," akasema. Nilimshukuru sana, "Ndaga fijo." Mfuko niliuweka juu ya kabati bila kuufungua.

Jioni nilikwenda kwa mwalimu mstaafu anayekaa karibu na kanisa. Ana kitabu cha uyoga wa Tanzania kilichochapishwa Helsinki mwaka 2003, kazi ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafiti hao walizunguka vijijini wakiwauliza wanavijiji wanakula uyoga upi na kuuitaje. Mwalimu haazimishi kitabu hicho. Anayetaka kukisoma anakaa sebuleni kwake kwenye kiti cha mbao, na anaonyeshwa kurasa na mwalimu mwenyewe.

Nilisoma kuhusu Amanita tanzanica, uyoga unaoliwa ambao wanasayansi waliupa jina la nchi yetu mwaka 1994. Ukoo wake wa Amanita ndio ukoo wa Amanita phalloides, uyoga unaoongoza duniani kwa kuua watu. Mmoja ni chakula na mwingine ni kifo, nao ni ndugu. Mwalimu alisema hapo ndipo wanafunzi wake walipokuwa wananyamaza. Nilifika nyumbani nimelowa hadi magotini.

Alhamisi

Simu ya shemeji ilisema mzigo ulipakiwa jana mchana. Nilikwenda kwenye ofisi ya mizigo saa tatu asubuhi. Karani alikuwa amekwenda kunywa chai. Watu kadhaa tulikaa kwenye benchi moja lenye mguu uliolegea, na kila aliyeinuka ilibidi aage, wengine wajishike.

Karani alirudi akatuhudumia kwa mpangilio wa risiti, si kwa mpangilio wa kufika. Risiti yangu ilikuwa picha kwenye simu ya mama watoto, na simu ilikuwa nyumbani ikichajiwa kabla umeme haujakatika. Nilimtuma kijana kuifuata. Umeme ulikuwa umeshakatika.

Simu ilipofika, ikiwa na chaji ya kutosha kuonyesha picha moja, karani aliisoma vizuri. Aliangalia kwenye daftari. Akapiga simu Mafinga, kisha akapiga kwingine. Aliporudi uso wake ulikuwa na matumaini. "Mzee, mzigo wako umefika salama," akasema. "Uko Msasani."

Nikamwambia mimi natoka Msasani, na sijauona. Akasema ni Msasani ya Dar es Salaam.

Kwa faida ya wasio wa huku, Msasani yetu ni kata ya Wilaya ya Rungwe, hapa Tukuyu. Msasani ya Dar iko ufukweni, na ni maarufu kuliko sisi. Boksi lilikuwa limeandikwa jina langu, namba ya simu na neno Msasani. Mafinga iko kwenye barabara kuu, basi la kushoto linakwenda Mbeya na la kulia linakwenda Dar. Uyoga wetu ulipanda la kulia. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800.

Karani aliahidi kwamba utarudi kwa basi la kesho, ukipata nafasi. Aliandika TUKUYU kwenye daftari kwa herufi kubwa akapigia mstari. Mvua ilikuwa imeongezeka.

Ijumaa

Hatukuweza kuutegemea mzigo uliokuwa ufukweni. Hapa Msasani kuna kijana anayeotesha uyoga mamama kwenye banda la mabanzi. Huu, tofauti na ule wa miyombo, hauhitaji mti ulio hai. Huota juu ya mabua, pumba, hata majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa na kuchemshwa ili kuua vimelea. Kwa wilaya yenye migomba kila ua, ni kazi ambayo ingestahili mabanda mengi zaidi.

Mizani ya kijana ilikuwa imeisha betri. Alikwenda kuazima nyingine dukani, na mwenye duka alikuwa anaitumia kupima sukari. Nilisubiri chini ya upenu, matone yakiingia kwenye ukosi. Hatimaye nilipimiwa kilo mbili za uyoga mbichi, uliochumwa asubuhi hiyo.

Uyoga wa kukaushwa hauoshwi, kwa kuwa hunywa maji halafu huchukua siku nyingi kuyatoa. Nilifuta vumbi kwa kitambaa, nikachana kila kofia kwa mkono kufuata nyuzi zake, nikaupanga kwenye ungo bila kupandanisha. Kama kungekuwa na jua ningeuanika uani, tumbo la kofia likitazama juu. Mwanga wa jua hugeuza ergosteroli iliyomo kwenye uyoga kuwa vitamini D, faida ambayo moto wa jikoni hauwezi kuitoa. Jua halikuwepo.

Kwa hiyo niliweka ungo kwenye uchaga juu ya jiko la mkaa, mbali na moto, mahali mkono unapoweza kukaa bila kuungua. Moto mkali hukausha ngozi ya nje, ndani ikabaki mbichi, na hapo ndipo uozo huanzia. Mlango na dirisha vilibaki wazi, kwa sababu hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu waliolala. Baridi ya Tukuyu ikaingia. Kuku nao wakaingia kujikinga na mvua, na jogoo akapanda kwenye uchaga. Alitolewa.

Niligeuza vipande mpaka usiku wa manane nikiwa nimevaa koti. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, na maji hayo yote lazima yaondoke. Kipimo cha kukauka ni kuvunjika. Kipande kikipinda bado, kikikatika kwa sauti kimeiva. Kilo mbili zangu zikawa kama gramu 200, na zilijaa bakuli moja dogo.

Jumamosi

Basi la mama mkwe lilichelewa. Alipiga simu akiwa kwenye foleni ya malori Uyole, kisha akapiga tena akiwa kwenye foleni ileile. Malori mengi huteremka huku kuelekea mpaka wa Kasumulu na Malawi, na basi dogo halina la kufanya. Nilimsubiri stendi chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Alifika jioni.

"Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Poleni na mvua." Alikuwa na salamu kutoka kwa kila ndugu, na mkoba wa karanga. Uyoga hakubeba, kwa kuwa aliambiwa mwanawe ameshautuma. Nilimweleza ulikopitia. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Baada ya chai alitaka kuona akiba iliyopo. Nilimpa bakuli langu la mamama. Alivunja kipande, akanusa, akasema kimekauka vizuri. Kisha nikashusha mfuko wa jirani kutoka juu ya kabati. Mama akaomba sinia na taa.

Alichambua kimya, kipande kimoja kimoja. Wa njano ulikwenda kulia. Wa kichuguu ukawekwa karibu nao. Vipande vyeupe vyembamba, ambavyo vilikatwa hata kofia haitambuliki, vilikwenda kushoto. "Huu naujua. Huu naujua. Huu siujui." Fungu la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Alilikunja kwenye gazeti akaniambia nilitupe chooni, si jalalani ambako watoto na kuku wanapita.

Mama watoto aliuliza kama tungeujaribu kwa kitunguu saumu au kijiko cha fedha, maana wapo wanaosema kijiko kikigeuka cheusi ni sumu. Mama alikataa, na alikuwa na haki. Hakuna kijiko wala kitunguu kinachoitambua sumu ya uyoga. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa kukaushwa wala kwa kuchemshwa. Dalili zake huanza saa sita au zaidi baada ya kula, mtu akapata nafuu ya muda, huku ini linaharibika. Mtu akishikwa na tumbo baada ya kula uyoga anapelekwa hospitali wakati huohuo, pamoja na mabaki ya kile alichokula.

Jirani alipita kuuliza kama zawadi imefaa. Mama mkwe alimshukuru kwa heshima zote, akamwonyesha fungu la kulia. Kisha akamwomba amwambie mwanawe dereva aulize jina siku nyingine atakaponunua. Jirani alielewa. Kazi ya kuchambua ilituchukua mpaka wakati wa kulala.

Jumapili

Baada ya ibada tulianza kupika. Mama aliloweka uyoga kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, ule wa njano muda mrefu zaidi, kwani ukikauka huwa mgumu. Mchanga ulishuka chini ya bakuli. Uyoga mwingi wa kuuzwa huanikwa chini, juu ya mkeka au turubai, na upepo hufanya kazi yake. Tulichuja maji yale kwa kitambaa safi na hatukuyamwaga, kwa sababu nusu ya ladha imo humo.

Karanga zilitwangwa. Gesi iliisha mtungini wakati kitunguu kinaanza kugeuka rangi. Tukahamia kwenye mkaa. Mkaa ulikuwa umelowa upande mmoja, na moshi wake uliwatoa watoto nje.

Kitunguu, nyanya, uyoga, maji ya kulowekea, kisha karanga, na moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Tulikula na ugali, na pembeni palikuwa na mbalaga kwa ajili ya wasiokubali mlo bila ndizi. Mama mkwe aliongeza mara ya pili. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Saa kumi simu iliita. Mzigo umefika, na ofisi inafungwa saa kumi na nusu. Nilikimbia. Boksi lilikuwa limebonyea kona moja, na juu yake mtu alikuwa ameandika TUKUYU kwa kalamu nyekundu pande zote. Ndani yake uyoga wa njano ulikuwa mkavu, mzima, na wa aina moja tu. Wala haukuwa na harufu ya safari.

Usiku huu tumeuhifadhi kwa utaratibu wa mama. Kwanza tuliupitisha juu ya jiko kidogo ili utoe unyevu wa njiani, tukauacha upoe kabisa, kwa kuwa ukifungiwa ukiwa na joto hutoa jasho ndani ya chupa. Kisha tukaujaza kwenye chupa za kioo zilizokaushwa, ndogo ndogo, ili ikiharibika moja zisiharibike zote. Kila chupa ina karatasi yenye jina la uyoga, mahali ulikotoka na mwezi. Zimewekwa kabatini gizani, mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kila mwezi zitafunguliwa kukaguliwa, siku isiyo na mvua, na kabla ya mwaka kwisha ziwe zimeliwa. Mipira ya mifuniko imehesabiwa mbele ya watoto.

Kuupata uyoga mzuri ni nusu ya kazi, na kuutunza katika wilaya ya mvua kama yetu ni nusu nyingine. Nusu zote mbili zinaanzia kwa yule anayeuchuma na kwa miyombo anayochumia chini yake. Wewe unayesoma haya, ukienda sokoni uliza jina la uyoga na pori ulikotoka. Asiyeweza kukujibu, mwachie mzigo wake. Anayeweza, mlipe anachoomba, maana ujuzi wake ndio unaokulinda.